Pierre Méchain, Mtu Aliyeitafuta Meta

Katika shule yetu haipiti siku bila mtu kutaja meta. Fundi hupima mbao kwa meta, wakimbiaji wetu hushindana meta 100, na katika darasa la hesabu ninalofundisha twageuza sentimita kuwa meta, na meta kuwa kilomita, mpaka kengele ilie. Lakini nadhani ni wachache wajuao kwamba meta ilitafutwa juu ya ardhi, mlima kwa mlima, na kwamba mmoja wa watu wawili walioitafuta alikufa na siri moyoni. Mtu huyo ni Pierre Méchain, na maisha yake yana fundisho kwa kila mwanafunzi ashikaye rula na kalamu.

Méchain alizaliwa tarehe 16 Agosti 1744 katika mji wa Laon, kaskazini ya Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa kupiga lipu, na fedha nyumbani hazikuwa nyingi. Kijana alikuwa hodari wa hesabu, akaingia chuo cha wahandisi wa barabara na madaraja mjini Paris, lakini kwa ukosefu wa fedha hakuweza kuendelea, akawa mwalimu wa watoto katika nyumba ya watu. Hata hivyo hakuacha kujifunza elimu ya nyota. Bwana Lalande, mtaalamu mkubwa wa elimu hiyo, aliutambua uhodari wake, naye akamsaidia kupata kazi katika ofisi ya ramani za bahari mwaka 1772. Mchana alichora ramani, na usiku alitazama mbingu kwa darubini. Mwaka 1781 alivumbua nyota mbili zenye mkia, na mwaka uliofuata alichaguliwa kuingia katika Akademia ya Sayansi ya Paris. Alisifiwa kwa jambo moja kuliko yote, nalo ni uangalifu katika kupima.

Siku hizo vipimo vya Ufaransa vilikuwa fujo tupu. Kila wilaya ilikuwa na vyake, na jina lile lile la kipimo lilikuwa na urefu huu mji mmoja na urefu mwingine mji wa pili. Mnunuzi mgeni alipunjwa kwa urahisi. Tena hesabu yake ilikuwa nzito. Kule Paris kipimo kikubwa cha urefu kiliitwa toise. Toise moja ilikuwa futi 6, futi moja inchi 12, na inchi moja mistari 12. Haya, mwanafunzi, chukua toise 3, futi 4 na inchi 7, uzigeuze zote kuwa inchi. Itakubidi uzidishe 3 kwa 72, halafu 4 kwa 12, kisha ujumlishe yote, nawe utapata inchi 271. Sasa chukua meta 3 na sentimita 47. Jibu ni sentimita 347, wala hukuhitaji karatasi. Hiyo ndiyo nguvu ya kumi: kugeuza kipimo ni kuhamisha nukta tu.

Mwaka 1791, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, wataalamu wa Akademia walikata shauri kwamba kipimo kipya kisitoke katika mguu wa mfalme wala mkono wa mtu yeyote, bali kitoke katika dunia yenyewe, ambayo ni mali ya watu wote. Meta iwe sehemu moja katika sehemu 10,000,000 za mwendo wa kutoka Ncha ya Kaskazini mpaka Ikweta. Hapana aliyeweza kuupima mwendo huo wote. Basi waliamua kupima kipande chake, kutoka Dunkerque kaskazini ya Ufaransa mpaka Barcelona katika Hispania, zaidi ya kilomita 1,000, kisha kukadiria sehemu iliyobaki kwa hesabu. Delambre alipewa upande wa kaskazini, Méchain upande wa kusini. Walipaswa kupanda minara na vilele vya milima, kupima pembe kutoka kilele hiki mpaka kile, na kuunganisha pembetatu moja na nyingine kama mnyororo. Kwenye miisho ya mnyororo walipima nyota, ili wajue latitudo ya kila mahali.

Méchain aliondoka Paris mwezi Juni 1792. Hakufika mbali alipozuiwa na watu waliovishuku vyombo vyake vya ajabu, maana nchi ilikuwa katika machafuko. Hata hivyo alifika Hispania, na katika majira ya baridi alipima latitudo ya Barcelona juu ya ngome ya Montjuïc kwa ustadi mkubwa. Ndipo misiba ilipomwandama. Mwaka 1793 alikwenda kutazama bomba la maji la namna mpya, mtambo ukampiga, ukamvunja mbavu na mfupa wa bega, akazimia siku kadhaa. Mwaka huo huo vita viliingia baina ya Ufaransa na Hispania, naye akazuiwa asirudi kwao. Ngome nayo ilifungwa kwake. Basi akapima nyota tena, safari hii katika nyumba ya wageni alimokaa mjini.

Hapo alikuta jambo lililomtia hofu. Alijua vema umbali wa kutoka nyumba ile mpaka ngome, lakini latitudo mbili alizopata hazikupatana nao. Zilihitilafiana kwa sekunde 3 na kitu. Wanafunzi, tugeuze hesabu hiyo tuone ukubwa wake. Kutoka Ncha mpaka Ikweta ni digrii 90 na kilomita kama 10,000, kwa hiyo digrii moja ni kilomita 111. Digrii ina dakika 60, na dakika ina sekunde 60. Basi sekunde moja ni karibu meta 31. Hitilafu ya Méchain juu ya ardhi ilikuwa karibu meta 100.

Meta 100 katika mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000! Mwingine angeandika barua na kuwaeleza wenzake. Méchain hakuthubutu. Alikuwa amejenga jina lake juu ya usahihi, naye aliona haya. Alipotoka Hispania alikaa Italia, kisha akarudi kufanya kazi kusini ya Ufaransa, akikawia mwaka baada ya mwaka, na huzuni ikimla. Mwaka 1798 mke wake alisafiri kutoka Paris kwenda kumtia moyo. Mwisho wa mwaka huo alikuja na matokeo yake mbele ya wataalamu wa nchi mbalimbali waliokutana Paris, lakini aliwaonyesha muhtasari uliosafishwa tu, na daftari zenyewe akazificha. Wote walimpongeza. Mwezi Juni 1799 meta ya madini ya platini iliwekwa rasmi katika hazina ya kumbukumbu za taifa.

Sifa hazikumpa raha. Mwaka 1803 aliomba kwenda tena Hispania ili aupeleke mnyororo wa pembetatu mpaka visiwa vya Balearic, ambako Barcelona isingekuwa tena mwisho wake. Huko alishikwa na homa, akafa tarehe 20 Septemba 1804 huko Castellón.

Daftari zake zilimfikia Delambre, naye alikuta tarakimu zilizofutwa na kubadilishwa. Delambre hakumtukana rafiki yake, wala hakuifunika hitilafu ya Barcelona. Aliieleza katika kitabu cha kazi yao, kilichotoka kwa juzuu 3 kati ya mwaka 1806 na 1810.

Ajabu ni hii: siri ile haikuwa na sababu ya kumuua mtu kwa huzuni. Meta ile ilipungua kwa karibu sehemu mbili za kumi za milimita, na sababu kubwa ni kwamba dunia si mviringo kamili na umbo lake halikujulikana vizuri wakati ule. Tangu mwaka 1983 meta hupatikana kwa mwendo wa nuru, ambayo hupita meta 299,792,458 kwa sekunde moja. Lakini urefu wake ni ule ule waliotuachia Méchain na Delambre.

Mimi husahihisha daftari za maabara kila muhula, na mara nyingi naona tarakimu iliyosuguliwa kwa kifutio ili jibu lifanane na la jirani. Wenzangu walimu, nanyi wazazi, tuwafundishe watoto kuandika kile walichokiona katika kipimo, hata kikipishana na kile cha kitabu. Kipimo kilichopishana na kingine ni swali, na swali laweza kutafutiwa jibu. Kilichofutwa hakimfundishi mtu kitu.