Sir Charles Wheatstone: Fundi wa Kinanda cha Vitufe

Ndugu msomaji, kama umepita kidato cha tatu bila shaka umewahi kuinamia meza ya maabara ukihangaika na daraja la Wheatstone, nayo sindano ya galvanomita imekataa katakata kusimama kwenye sufuri. Wengi wetu tumelilaani jina hilo kimoyomoyo. Kumbe mwenye jina alianzia dukani, si maabara! Alikuwa fundi wa ala za muziki, na kutoka kwake tumepata kinanda cha mkono kiitwacho konsatina, nduguye akodiani ambayo wazee wa Mlima Kenya huchezea mwomboko.

Charles Wheatstone alizaliwa tarehe 6 Februari 1802 huko Barnwood, karibu na mji wa Gloucester, Uingereza. Baba yake alikuwa akiuza vitu vya muziki. Mwaka 1806 jamaa yote ilihamia London, na kijana alipofika umri wa miaka 14 hivi akapelekwa kwa ami yake aliyekuwa na duka la ala katika barabara ya Strand, akajifunze kazi. Lakini wapi! Kuuza hakukumvutia. Yeye alipenda vitabu. Husimuliwa kwamba alidunduliza peni zake mpaka akanunua kitabu cha Kifaransa juu ya umeme aliougundua Volta, akakisoma huku akipekua kamusi. Alipotaka kutengeneza betri akakosa pesa za kununulia mabamba ya shaba, basi akazitumia peni zenyewe, maana nazo zilikuwa za shaba.

Mwaka 1821, akiwa na miaka 19 tu, aliwashangaza watu wa London kwa kinubi kilichoning'inia kwa waya kutoka darini, kikitoa muziki bila ya mtu kukigusa. Watu walidhani ni uchawi. Siri ilikuwa chumba cha juu. Huko mtu alipiga ala nyingine, na mitetemo yake ikashuka kwa ule waya mpaka kwenye kinubi. Ami yake alipofariki mwaka 1823, Charles na ndugu yake William walilirithi duka, na mwaka 1829 wakahamia nambari 20, barabara ya Conduit.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kinanda chenyewe. Wheatstone alikuwa amezichunguza ala za mbali zenye ndimi za madini, mojawapo ikiwa sheng ya Wachina (si Sheng yetu ya mitaani, jamani!). Mwaka 1829 alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wa kinanda kidogo cha kupuliza kwa mdomo chenye vitufe ubavuni. Mwaka uo huo, huko Vienna, fundi Cyrill Demian naye alipata hati ya akodiani. Baadaye Wheatstone alikitia chake mivukuto, kikawa konsatina, na mwaka 1844 akapata hati nyingine ya kukiboresha.

Konsatina yake ina pembe sita na hushikwa kwa mikono miwili. Vinanda vingi vya wakati huo vilitoa sauti moja ukivuta na nyingine ukisukuma, kwa kitufe kilekile. Cha Wheatstone kilitoa sauti ileile uvute, usukume. Hilo laonekana jambo dogo, lakini kwa fundi ni kazi maradufu, kwa sababu kila kitufe chahitaji ndimi mbili, mmoja wa kuvuta na mmoja wa kusukuma. Konsatina ya vitufe 48 basi ina ndimi 96, na kila ulimi lazima ulinganishwe sauti kwa mkono. Fundi akiukwangua kwa tupa kwenye ncha, sauti hupanda. Akiukwangua karibu na shina, hushuka. Akizidisha kidogo tu, ameharibu. Sasa piga hesabu, mara 96! Hapo bado hajakunja karatasi na ngozi za mivukuto zisivujishe upepo.

Ndiyo maana mpenzi wa konsatina hakuweza kwenda kwa seremala yeyote tu. Ilimpasa atafute fundi anayejua. Wapo waliotaka ya sauti nyembamba, wengine nzito, wengine vitufe zaidi ya 48, wengine mbao za fahari. Giulio Regondi, ambaye pia alikuwa hodari wa gitaa, aliipiga mbele ya watu katika maonyesho makubwa, na ikaonekana kwamba muziki ulioandikiwa fidla waweza kupigwa kwa kinanda cha kushika mkononi.

Bwana huyu alikuwa na shida moja ambayo wenzangu wa mjadala wataielewa: hofu ya kusimama mbele ya watu. Mwaka 1834 alifanywa profesa katika King's College, London, na mwaka uliofuata akatoa mihadhara minane juu ya sauti. Baada ya hapo alifundisha kwa nadra sana, ingawa cheo alibaki nacho maisha yake yote. Rafiki yake Michael Faraday ndiye aliyekuwa akisimama kumsemea, akiwaeleza watu uvumbuzi wa Wheatstone.

Na mtu asiyeweza kusema hadharani ndiye aliyesaidia maneno kusafiri kwa waya. Mwaka 1837 yeye na William Cooke walipata hati ya telegrafu. Mashine yao ya kwanza ilikuwa na herufi 20 tu. Haikuwa na C, J, Q, U, X wala Z. Kwa hiyo ungeweza kutuma "habari", lakini "jambo" haiendi! Mwaka 1845 polisi wa London walimnasa mshukiwa wa mauaji aliyetoroka kwa gari la moshi kutoka Slough, kwani ujumbe wa telegrafu ulimtangulia. Alikuwa amevaa kama mfuasi wa dhehebu la Quaker, na kwa kuwa Q haikuwapo ikabidi liandikwe KWAKER.

Sifa za telegrafu zikawa fitina. Wheatstone na Cooke waligombania nani ndiye mvumbuzi hasa, na mwaka 1841 wakaamuliwa na wazee wawili waliowagawia heshima. Kwa maoni yangu uamuzi ule ulikuwa wa haki, ila haukuwarudishia urafiki.

Tena ajabu ni hii. Lile daraja tunalolilaani lilibuniwa na Samuel Christie mwaka 1833, na Wheatstone mwenyewe alilisema wazi alipolieleza mwaka 1843. Watu hawakusikia. Kwa upande mwingine, mfumo wa kuandika kwa siri alioubuni yeye mwaka 1854 huitwa Playfair, jina la bwana aliyeupigia debe.

Wheatstone alioa mwaka 1847, akajaliwa watoto watano, akapewa cheo cha Sir mwaka 1868, na akafariki mjini Paris tarehe 19 Oktoba 1875. Konsatina zake ziliendelea kutengenezwa. Kila moja ilipigwa namba, na madaftari ya duka yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Horniman, London. Hata leo mwenye konsatina kuukuu ya Wheatstone huitazama namba yake, kisha akafungua madaftari yale kuitafuta ilitoka dukani siku gani.