Jean Mabillon, Mmonaki Aliyesoma Miandiko ya Kale

Yeyote aliyewahi kupeleka cheti cha ubatizo kwa paroko ili aandikishe ndoa anajua jinsi kinavyokaguliwa. Paroko huutazama muhuri, saini, namba ya daftari na tarehe. Mwandiko ukimtia shaka, huandika barua kwenye parokia kilikotoka kuulizia. Leo tunaona ni jambo la kawaida tu, lakini aliyeifanya kazi hiyo ya kupima hati kuwa elimu yenye kanuni zake alikuwa mmonaki mmoja Mbenedikto wa Ufaransa, aliyepitia seminari kama wengi wanaotusoma.

Jean Mabillon alizaliwa tarehe 23 Novemba 1632 katika kijiji cha Saint-Pierremont, jimbo la Champagne, katika familia ya wakulima. Ndugu wa baba yake, aliyekuwa padre, ndiye aliyemwanzisha masomo. Akiwa na miaka 12 alipelekwa shuleni Reims, na mwaka 1650 akaingia seminari ya huko. Hakukaa hadi mwisho. Mwaka 1653 aliondoka, akabisha hodi kwenye abasia ya Saint-Remi, mjini humo humo, iliyokuwa ya Shirika la Mtakatifu Mauro, yaani Wabenedikto waliojulikana kwa bidii ya vitabu.

Bidii hiyo nusura immalize. Maumivu ya kichwa yalimtesa hata asiweze kusoma, wakubwa wake wakamwondoa kwenye masomo na mwaka 1658 wakampeleka Corbie apumzike. Alipewa upadre mwaka 1660. Baadaye, huko Saint-Denis, kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wageni makaburi ya wafalme na hazina za kanisa. Kijana mwenye akili kama zake angeweza kunung'unika. Lakini mwaka 1664 aliitwa Saint-Germain-des-Prés, Paris, amsaidie mtunza maktaba mzee, Luc d'Achery. Hapo akapata makao ya maisha yake yote.

Ugomvi uliompa jina ulianza mwaka 1675. Mjesuiti Daniel Papebroch wa Antwerp, mmoja wa wale waliokuwa wakichambua maisha ya watakatifu ili kutenga historia na hadithi, alichapisha maandishi kuhusu namna ya kutambua hati za kweli na za uongo. Humo alizitilia shaka hati za kale kabisa za wafalme wa Wafranki, zikiwemo za Saint-Denis. Wabenedikto walichomwa. Hati hizo ndizo zilizoonyesha nani aliwapa mashamba, misitu na haki zao. Zikiwa bandia, hawakuwa wakipoteza heshima tu. Tena, tusifiche, Papebroch hakuwa akisema ovyo. Zamani zile nyumba nyingi za watawa zilipopoteza hati kwa moto au vita zilijitengenezea nyingine, na nyingine zikajiongezea walichotamani kuwa nacho.

Mabillon alipewa kazi ya kujibu. Angeweza kuandika kijitabu cha hasira katika miezi miwili. Alichukua miaka sita. Alikwenda kwenye makabati ya hati, akazishika kwa mikono, akazilinganisha. Mwaka 1681 ukatoka mkusanyo wake wa vitabu sita katika juzuu moja, De re diplomatica, na ndani yake hamna karibu neno la matusi.

Tueleze kidogo alivyofanya. Aliuliza kwanza hati imeandikwa juu ya nini, mafunjo au ngozi, na kwa wino gani. Kisha mwandiko. Herufi za karne ya 7 hazifanani na za karne ya 9, na mwandishi wa Italia hachori herufi kama wa Uingereza. Ili msomaji ajionee mwenyewe, aliagiza mifano ya miandiko ichongwe kwenye mabamba na kuchapwa kitabuni. Kisha tarehe. Wafalme wa kwanza wa Wafranki walihesabu miaka ya utawala wao, si miaka tangu kuzaliwa kwa Bwana, hivyo hati ya mfalme wa namna hiyo yenye mwaka wa Bwana inapaswa kushtua. Kisha saini. Karolo Mkuu hakuandika jina lake lote. Karani alichora alama ya herufi zilizounganishwa, naye akaongeza mstari wake tu. Kisha mihuri, vyeo na Kilatini chenyewe, ambacho katika hati za kale kina makosa mengi ya sarufi. Ajabu yake ni kwamba Kilatini safi mno katika hati ya zamani hizo ni dalili mbaya. Juu ya yote, alifundisha kwamba hati haihukumiwi kwa alama moja. Alama zote hutazamwa pamoja, na mwamuzi awe ameona hati nyingi.

Papebroch alikisoma kitabu. Mwaka 1683 alimwandikia Mabillon barua akikiri kwamba mwanzoni kiliuma, lakini ukweli ulivyoelezwa vizuri mno ulimshinda, na kwamba sasa alilofurahia katika maandishi yake mwenyewe ni kuwa yalisababisha kazi kama hiyo. Alimruhusu pia aitangaze barua hiyo. Tukitafuta nani alikuwa mkubwa zaidi katika ugomvi huo, sisi hatuna haraka ya kumpa Mabillon peke yake.

Sifa zikaja. Waziri Colbert alimpa pensheni ya livre 2,000 kwa mwaka, akaikataa akisema monasteri inampa kila anachohitaji. Alisafiri Ujerumani mwaka 1683 na Italia mwaka 1685, akarudi na vitabu na miandiko kwa maelfu kwa ajili ya maktaba ya mfalme. Husimuliwa kwamba askofu mkuu wa Reims alipomtambulisha kwa Louis XIV kuwa ndiye mtawa msomi kuliko wote katika ufalme, Bossuet aliyekuwa kando aliongeza kuwa ndiye pia mnyenyekevu kuliko wote.

Halafu akakosea. Mwaka 1695 ukoo wa Kardinali de Bouillon ulileta hati zilizothibitisha kwamba unatokana na watawala wa kale wa Auvergne. Mabillon, mwanafunzi wake Thierry Ruinart, na mtaalamu mwingine, Étienne Baluze, walizikagua wakatamka kuwa ni halali. Zilikuwa za kughushi. Mwenye kuzighushi, Jean-Pierre de Bar, alikamatwa mwaka 1700. Mtu aliyewafundisha Wazungu wote kutambua hati bandia alikuwa ameweka saini yake chini ya hati bandia, na wapinzani wake hawakumsahaulisha.

Hata hivyo hakuanza kuogopa kusema. Akiwa Roma alikuwa ameona miili ikitolewa kwenye katakombe na kupelekwa makanisani kama ya wafiadini, pengine bila hata jina. Mwaka 1698, kwa jina la kubuni la Eusebius wa Roma, aliandika kwamba ushahidi hautoshi. Kitabu kilishtakiwa kwenye ofisi ya Roma iliyosimamia vitabu vilivyokatazwa. Mabillon alitii, akarekebisha maneno, na toleo jipya likatoka mwaka 1705. Hoja yake ya msingi ilibaki humo.

Desemba 1707, akiwa njiani kwenda Chelles, aliugua. Alirudishwa Paris, akafa tarehe 27 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mtume. Mezani kwake palibaki historia kubwa ya Wabenedikto aliyokuwa akiiandika kwa miaka. Juzuu nne zilikuwa zimetoka. Ya tano ilibidi wenzake waitoe.