JUMBE KIBASILA WA KISANGIRE



Wengi wetu tukienda Dar es Salaam huisikia Shule ya Sekondari Kibasila ikitajwa, na wako miongoni mwetu waliosomesha watoto pale. Lakini ukiwauliza watoto hao, na hata wazazi wao, Kibasila alikuwa nani, wengi watanyamaza. Kwa hiyo safari hii tumeona vema tusiende mbali kutafuta mtu wa kukumbukwa, maana huyu ni wa kwetu, wa Kisangire, upande wa kusini wa wilaya yetu ya Kisarawe.

Kibasila alikuwa jumbe wa Wazaramo wakati wa utawala wa Wajerumani. Kazi ya ujumbe siku hizo haikuwa ya raha. Juu yake kulikuwa na akida, na juu ya akida kulikuwa na bwana mkubwa wa boma. Amri ilipotoka bomani, jumbe ndiye aliyetakiwa kuwatoa watu kazini na kukusanya kodi. Asipotimiza, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Na akitimiza, watu wake mwenyewe humwona ni adui. Ndivyo alivyosimama Kibasila, katikati.

Ili tumwelewe lazima tuelewe yaliyokuwa yakitendeka Uzaramo. Mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ilitangaza kwamba ardhi yote waliyoiona haina mwenyewe ni mali ya Serikali yao. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kulima mahali miaka michache, kisha wakaliacha shamba lipumzike, wakalima pengine. Shamba lililopumzishwa mgeni huliona pori tu, lakini mwenyewe analijua ni lake. Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba. Baadaye zikaja sheria za kuzuia uwindaji, na mwaka 1904 sheria ya misitu, iliyoipa Serikali uwezo wa kutenga msitu na kuwakataza watu kukata miti na kufungua mashamba ndani yake.

Halafu kulikuwa na pamba. Tangu mwaka 1902 Gavana von Götzen aliamuru kila jumbe wa pwani hii na kusini yake awe na shamba la pamba la pamoja, na watu wake walilime kwa zamu. Pamba ikiuzwa, fedha zigawanywe mafungu: fungu la wafanyakazi, fungu la jumbe, na fungu la utawala. Wafanyakazi walipopata fungu lao lilikuwa dogo mno hata wengine wakakataa kulipokea. Mvua za kupalilia pamba ndizo hizo hizo za kupalilia mpunga na mahindi, na hakuna mtu mwenye mikono minne.

Hapa tunaomba kina mama wasome kwa makini, maana habari hii ni yao hasa. Wanaume wengi waliondoka vijijini. Wengine walikwenda kutafuta fedha za kodi, wengine walichukuliwa kwa upagazi, na mwaka 1905 ilipoanza kazi ya reli ya kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, ile inayopita Pugu, Soga na Ruvu, mikono mingi zaidi ilitakiwa huko. Waliobaki na jembe ni wanawake. Zamani wanaume wa kijiji walitoka pamoja na nyavu na mbwa wakawasaka nguruwe mwitu na kuwapunguza. Sasa wasakaji hawapo, na sheria ya uwindaji inawabana hata wachache waliobaki. Nguruwe wakaongezeka. Tunaolima huku tunajua kundi la nguruwe linavyoweza kumaliza shamba la muhogo usiku mmoja. Mwanamke aliyeshinda katika pamba ya jumbe jua zima alitakiwa akeshe katika dungu akipiga debe kufukuza nguruwe, na mtoto mgongoni.

Wanahistoria waliochunguza habari za Uzaramo wa miaka hiyo wameeleza kwamba jambo hili la njaa, nguruwe na wanawake kuachiwa kazi zote, ni chanzo kimoja kikubwa cha hasira iliyolipuka mwaka 1905. Kwa kawaida tunahadithiwa Maji Maji kama vita vya wanaume na mikuki. Lakini kabla ya mkuki kulikuwa na jembe, na jembe hilo lilikuwa mikononi mwa mama.

Kibasila aliyaona hayo kwa macho yake. Angeweza kunyamaza, kwa kuwa katika mpango wa pamba jumbe naye alikuwa na fungu lake. Majumbe wengine walinyamaza, wakachapa watu wao viboko ili wasichapwe wao. Kibasila aliichukia pamba hiyo. Hakutaka kuwa jumbe wa kuwalimisha watu wake hadi wafe njaa.

Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika Umatumbi, watu waling'oa pamba. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile wa Ngarambe, mtoa maji ya dawa, lakini walikuwa wamechelewa, maana habari za maji zilikwisha vuka mto Rufiji. Vita vikaingia Uzaramo, na Kibasila akawa kiongozi wake anayekumbukwa kuliko wote.

Hatutaficha kwamba jambo hili ni gumu kwetu Wakristo. Kibasila hakuwa mtu wa kanisa letu, na watu waliamini kwamba risasi zingegeuka maji. Hazikugeuka. Walikufa vijana wengi mbele ya bunduki za rashasha. Tena vita hivyo viliwapata hata watu wa Mungu: huko Masasi kituo cha misioni yetu kilichomwa moto. Lakini anayesoma Biblia anaijua habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu, na anajua Mungu alikuwa upande gani. Kwa kweli kanisa letu lenyewe lilichukua muda kusema wazi. Ni mwaka 1920 ndipo Askofu Frank Weston wa Zanzibar, ambaye hata waumini wa pwani hii walikuwa chini yake, alipoandika kijitabu kuwakemea Waingereza kwa kazi za kulazimisha watu katika Afrika Mashariki. Jumbe wa Kisangire alikwisha zikataa miaka kumi na mitano kabla yake.

Katika Uzaramo vita havikudumu. Kibasila alikamatwa na Wajerumani, wakamnyonga. Kote vita vilikofika, waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya watu 75,000 na 300,000, walio wengi kwa njaa, kwa sababu majeshi yalichoma vijiji na chakula. Yaani mzigo wa mwisho ulirudi tena kwa mama mwenye chungu kisicho na kitu. Hata hivyo Serikali iliuacha mpango wa mashamba ya pamba ya majumbe. Jambo ambalo Kibasila alilikataa akauawa, waliomwua hawakuthubutu kuliendeleza.

Tumwadhimishe vipi mtu huyu? Jina juu ya lango la shule ni heshima, lakini halitoshi. Leo ardhi ya Kisarawe na Kibaha inatafutwa sana kwa kuwa mji unatusogelea. Hakuna tena akida mwenye kiboko, lakini tunaona mambo ya kuhuzunisha: mume amefariki, na kabla ya arobaini ndugu wamekwisha uza shamba alilolima mjane miaka ishirini. Wengine wauzao ni waumini wenzetu, nao Jumapili tunapeana amani. Tukifanya hivyo tunasimama pamoja na bwana mkubwa wa boma, hatusimami na Kibasila.

Sheria ya nchi sasa ni njema. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Basi, akina mama wa parokia, nafasi hizo zisikae wazi, wala msikae pale kujaza viti tu. Hata binti za Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wazee wote kudai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wana haki. Na ninyi akina baba, wapelekeni wake zenu wakaandikishwe pamoja nanyi kungali mapema, wakati mngali hai.

Tukipita njia ya Maneromango kuelekea kusini, tumkumbuke jumbe aliyekuwa na fungu lake katika jasho la watu, akalikataa. Mungu atujalie nasi moyo wa kukataa fungu la namna hiyo.