Hidetsugu Yagi: Mvumbuzi wa antena aliyesahauliwa na jeshi la nchi yake

Rubaya, mji wa machimbo ya koltani wilayani Masisi, Kivu Kaskazini, umezungukwa na milima. Mawimbi ya VHF, yanayobeba redio za FM, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka na hudhoofika yakikutana na kilima. Mahali kama hapo, antena ya fimbo zilizopangwa kama mifupa ya samaki, ikiwekwa juu ya paa na kuelekezwa Goma, inaweza kuokoa matangazo yaliyokuwa yakisikika kwa mkwaruzo tu.

Antena hiyo huitwa Yagi, kwa jina la Mjapani Hidetsugu Yagi. Alizaliwa Osaka Januari 28, 1886, akasomea uhandisi wa umeme Tokyo, kisha akaendelea na masomo Ujerumani, Uingereza na Marekani kabla ya kurudi kufundisha katika chuo kikuu cha Tohoku, mjini Sendai.

Ni Sendai, katikati ya miaka ya 1920, ambako antena hiyo ilizaliwa. Sehemu kubwa ya majaribio ilifanywa na mwenzake kijana, Shintaro Uda. Lakini mwaka 1928 Yagi alichapisha makala ya Kiingereza nchini Marekani, na dunia ikashika jina lake peke yake. Leo wataalamu wengi huiita Yagi-Uda.

Siri yake ni nyepesi. Fimbo moja tu ndiyo huunganishwa na waya wa redio. Iliyo nyuma yake ni ndefu kidogo na hurudisha mawimbi mbele. Zilizo mbele ni fupi kidogo na huyaongoza. Kadiri fimbo za mbele zinavyoongezeka, ndivyo antena inavyosikia mbali zaidi upande mmoja.

Hata hivyo, nguvu hiyo ina gharama. Urefu wa fimbo hukatwa kufuata masafa fulani. Antena ndefu iliyokatwa kwa ajili ya megahezi 98 huipokea vizuri stesheni iliyo hapo, lakini hulegea kwenye ncha za FM, yaani 88 na 108. Anayetaka stesheni zote hupunguza fimbo au kutumia zilizo nene zaidi, na kukubali kupoteza sehemu ya nguvu.

Nchini Japani, jeshi halikuujali uvumbuzi huo. Mwaka 1942, baada ya kuiteka Singapore, maofisa wa Japani walikuta neno Yagi katika maandishi ya rada ya Waingereza na hawakulielewa. Mfungwa wa Kiingereza ndiye aliyewaeleza kuwa ni jina la Mjapani mwenzao.

Machungu zaidi yalikuja Agosti 1945. Mabomu ya atomiki yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki yalikuwa na antena ndogo za Yagi, zilizotumika kupima umbali kutoka ardhini ili yalipuke angani. Congo nayo iliguswa: sehemu kubwa ya urani ya mradi huo wa Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga.

Baada ya vita Yagi aliongoza Chuo Kikuu cha Osaka, akachaguliwa kuwa mbunge mwaka 1953, na mwaka 1956 akapewa Nishani ya Utamaduni, heshima kubwa nchini mwake. Alifariki Januari 19, 1976, akiwa na miaka 89. Uda alimfuata mwaka huohuo.

Katika miaka ya 1950, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walibuni antena ambayo fimbo zake hupungua urefu hatua kwa hatua, zote zikiwa zimeunganishwa na waya. Hiyo hupokea masafa mapana sana, lakini kwa kila stesheni ni fimbo chache tu zinazofanya kazi, hivyo nguvu yake ni ndogo kuliko ya Yagi yenye urefu uleule.

Koltani ya Rubaya hutoa tantalamu, inayotumika ndani ya simu na redio za dunia nzima. Lakini kwa msikilizaji aliye nyuma ya kilima, akitafuta stesheni moja ya mbali, antena ya Yagi na Uda bado ni chaguo zuri.