Bibi Titi: Mwanamke aliyejaza akina mama TANU Mwalimu akiwa Musoma

Ukifika Butiama utaonyeshwa kaburi la Mwalimu Nyerere. Ila stori yake haikamiliki bila Bibi Titi Mohamed, mtoto wa Dar es Salaam aliyezaliwa 1926 na kuishia darasa la nne.

Machi 1955 Mwalimu aliacha kufundisha Pugu, akarudi kwao Musoma hadi Oktoba. Huku nyuma Titi, muimbaji wa ngoma, hakukaa. Alizunguka kwenye vikundi vya ngoma vya akina mama akiwahamasisha kuchukua kadi. Hadi Oktoba, wanawake kama 5,000 walishaingia TANU.

Kura yenyewe ikawa mtihani. Uchaguzi wa 1958 ulitaka mpiga kura awe na elimu, cheo au kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Wengi wa akina mama hao hawakuwa na hata kimoja.

Baada ya uhuru Titi aliongoza UWT, akawa mbunge na waziri mdogo. Kisha upepo ukageuka. 1965 alikosa ubunge Rufiji. 1967 alijiuzulu Kamati Kuu, akipinga viongozi kukatazwa kupangisha nyumba. 1969 alikamatwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Aliyemsamehe mwaka 1972 ni Nyerere yuleyule.

Bibi Titi alifariki Novemba 5, 2000, Johannesburg, mwaka mmoja tu baada ya Mwalimu kuzikwa Butiama. Leo daladala za Dar zinapita barabara yenye jina lake.