CHOKAN VALIKHANOV: KIJANA ALIYEZIFUATA KOO KATIKA TENDI

Mpenzi msomaji, akiba haiozi, walinena wahenga. Lakini je, akiba iliyowekwa kifuani mwa mzee mmoja tu itakuwaje siku mzee huyo akifa? Hebu tumtazame kijana mmoja wa Asia ya Kati aliyeishi miaka 29 tu, na ambaye akiba ya namna hiyo ingali inamkumbuka.

Chokan Valikhanov alizaliwa Novemba 1835 katika ngome ya Kushmurun, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Kazakhstan. Jina lake hasa lilikuwa Muhammad Kanafia. Baba yake, Chingis, alikuwa wa ukoo wa masultani, mzao wa watawala wa mbuga zile. Babu yake Chingis, Ablai Khan, alikuwa ametawala Wakazakh katika karne ya 18.

Wakazakh ni ndugu wa Wakirgizi, Waturkmeni, Wauzbeki na mataifa mengine yenye lugha za Kituruki. Enzi hizo wengi wao walikuwa wafugaji wa kuhamahama. Hawakuwa na makabati ya kuwekea vitabu, basi historia waliibeba kichwani. Mtoto alifunzwa majina ya mababu saba, kwani kuoana ndani ya vizazi saba kulikuwa mwiko. Mambo makubwa zaidi, yaani vita, uhamaji na mashujaa, yalihifadhiwa katika tendi zilizoghanwa usiku kucha. Chokan alikulia humo. Nyanya yake, Aiganym, alikuwa hodari wa hadithi, na baba yake alipenda kukusanya tendi.

Mwaka 1847 alipelekwa Omsk kusoma katika shule ya kijeshi ya Warusi. Alikuwa na miaka 12, na Kirusi hakukijua. Kumbe mtoto huyo alikuwa moto wa kuotea mbali! Alihitimu mwaka 1853 akiwa afisa. Mwaka uliofuata alikutana na mwandishi Dostoevsky, aliyekuwa ametoka tu gerezani mjini humo. Urafiki wao ukawa wa kudumu, na mwandishi yule alimhimiza awaeleze Warusi maisha ya watu wa mbugani.

Mwaka 1856 Chokan alifika kwenye ziwa Issyk-Kul, nchi ya Wakirgizi. Huko alimsikiliza mghani wa utendi wa Manas, akaandika sehemu yenye mistari zaidi ya 3,000. Sehemu hiyo inasimulia hitima ya mtawala Kökötöy. Mwanawe anatuma mjumbe azunguke kuwaalika mashujaa wa kila upande, Waislamu na wasio Waislamu. Wanapokusanyika, wanashindana kwa mbio za farasi na mieleka, na mwishowe ugomvi unazuka.

Huenda ukauliza, hitima hiyo ina faida gani kwa mwanahistoria? Naam, faida ni kubwa. Orodha ya wageni ni kama ramani ya watu ambao waghani waliwakumbuka. Katika maandishi hayo Manas mwenyewe anaitwa Mnogai, ingawa utendi ni wa Wakirgizi. Wanogai walitokana na koo zilizomfuata Edige, amiri aliyefariki mwaka 1419, na leo wengi wao wako Kaskazini mwa Kaukasi, mbali kabisa na Issyk-Kul. Chokan alizisoma pia tendi za Edige. Majina ya koo kama Kipchak na Naiman nayo hupatikana kwa Wakazakh, Wakirgizi na Wauzbeki vilevile. Hivyo tendi na nasaba zinaonyesha jinsi koo zilivyotawanyika, zikachanganyika na kuunda mataifa mapya.

Hata hivyo, utendi si cheti cha kuzaliwa. Mghani huchanganya karne. Vita na Wakalmyk vya karne ya 17 na ya 18 viliingizwa katika visa vya mashujaa wa kale zaidi. Ndiyo maana Chokan aliyalinganisha masimulizi na nasaba za wazee na vitabu vya historia vya Mashariki.

Mwaka 1858 aliingia Kashgar akijifanya mfanyabiashara. Hiyo ilikuwa kucheza na kifo, kwa maana mwaka 1857 msafiri Mjerumani, Adolf Schlagintweit, alikuwa amekatwa kichwa mjini humo. Chokan alirudi salama mwaka 1859 na habari tele, akasifiwa sana mjini St Petersburg.

Lakini sifa hazikumtuliza moyo. Dola iliyomsomesha ndiyo iliyokuwa ikiwateka watu wa mbugani. Mwaka 1864 alifuatana na jeshi la Jenerali Chernyaev. Alipouona ukatili wa kuutwaa mji wa Aulie-Ata, ambao leo ni Taraz, alijitenga na jeshi hilo. Akaenda kuishi kijijini kwa sultani Tezek, akamwoa dada yake. Kifua kikuu kilikuwa kimeshamdhoofisha, na Aprili 1865 akafariki dunia.

Na yale maandishi ya Manas je? Jamani, yalipotea! Mwaka 1904 kazi zake zilipochapishwa, ilikuwemo tafsiri ya Kirusi ya kipande tu. Ilikuwa hadi miaka ya 1960 ambapo mtaalamu Mkazakh, Alkey Margulan, aliyapata maneno yenyewe ya Kikirgizi katika nyaraka mjini Leningrad. Mghani alikuwa ameshakufa zamani, na Chokan pia, lakini sauti ilikuwepo.

Wanachama wenzangu, Chokan alikuwa na miaka 20 alipokaa kumsikiliza mghani yule, si mkubwa sana kuliko sisi. Likizo ikifika, tuchukue daftari na kalamu, tukae karibu na nyanya na babu. Wakituambia majina ya mababu, tuyaandike.