Dk. John Kirk na ua la Zanzibar lililotajirisha wengine

KATIKA magofu ya Chwaka, karibu na kijiji cha Tumbe, Kaskazini Pemba, wataalamu wa mambo ya kale wamefukua vigae vya vyombo vya kaure kutoka China. Wazee wa pwani walivithamini mno vyombo hivyo, kiasi cha kuvipachika hata kwenye makaburi.

Ulaya nako maua juu ya sahani yalikuwa biashara. Miaka ya 1750 kiwanda cha Chelsea, London, kilipamba vyombo vyake kwa kufuata michoro ya mimea ya Georg Ehret, aliyeanza maisha kama mtunza bustani. Mwaka 1790 Denmark ilianza kutengeneza vyombo vilivyonakili michoro ya vitabu vya Flora Danica. Mmea uliochorwa kwa usahihi uligeuka bidhaa.

Aliyeifahamu vyema thamani ya michoro hiyo ni Dk. John Kirk, ambaye Wazanzibari wengi humkumbuka kwa siasa tu.

Kirk alizaliwa Scotland mwaka 1832 na kusomea udaktari Edinburgh. Mwaka 1858 alifuatana na David Livingstone katika safari ya mto Zambezi, akiwa daktari na mtaalamu wa mimea. Novemba 1860 mtumbwi wake ulipinduka kwenye maporomoko ya Kebrabasa. Alinusurika, lakini maji yalichukua madaftari yake na michoro ya mimea ipatayo mia moja. Kazi ya miaka miwili ilipotea kwa dakika chache.

Hata hivyo, hakukata tamaa. Mwaka 1866 alifika Zanzibar kama daktari wa ubalozi wa Uingereza. Alishuhudia kimbunga cha Aprili 1872 kilichoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, huku ya Pemba ikinusurika kwa sehemu kubwa. Mwaka 1873, akiwa mwakilishi wa Uingereza, alimshinikiza Sultani Barghash kutia saini mkataba uliofunga soko la watumwa.

Pamoja na kazi hizo, Kirk alikuwa na shamba Mbweni, alikopanda mimea ya nchi mbalimbali, na aliendelea kupeleka mbegu katika Bustani ya Kew, London. Miongoni mwa mimea iliyotoka Zanzibar kwa mkono wake ni mmoja mdogo wenye maua ya kuvutia, unaopenda kivuli na unyevu. Mwaka 1882 ulichorwa katika jarida la Curtis, ambalo kila nakala ya picha ilipakwa rangi kwa mkono, kama sahani za Chelsea. Ukaitwa Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar.

Kirk aliondoka Zanzibar mwaka 1886, akafariki Uingereza mwaka 1922. Ua hilo liliendelea na safari. Miaka ya 1960 Mmarekani Claude Hope, akiwa Costa Rica, alizalisha aina fupi zenye maua mengi, na likawa miongoni mwa maua ya bustani yanayouzwa sana Marekani. Costa Rica, nchi ya joto kama yetu, ilipata biashara ya mbegu na ajira.

Ndugu mkulima, mmea huo ni wa Afrika Mashariki. Tofauti ilikuwa kwamba wenzetu waliuchora, wakauandika na kuuzalisha kwa ajili ya soko. Kabla hujafyeka ua usilolijua pembeni mwa shamba, lipige picha, chukua mbegu zake na muulize bwana shamba.